Shangazi wa Dawati la Nne na Chumba Alichokifunga

Ijumaa, tarehe 28 Juni. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu, baridi ya kuvaa sweta.

Leo Shangazi, kama sote tunavyomwita, amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kodi. Alianza masijala, akabeba majalada hadi bega likainama, kisha akapewa dawati la nne, la wauza nyumba. Ndiye aliyetufundisha sote kodi ya ongezeko la mtaji: faida ya nyumba uliyoishi mwenyewe haitozwi, lakini ukiipangisha, miaka ya mpangaji inatozwa.

Wauzaji wengi huja na utetezi uleule. Walipopangisha, walifunga chumba kimoja na kuacha vitu vyao, kwa hiyo eti hawakuhama. Shangazi aliwajibu bila kuinua macho: "Mwanangu, aliyelala humo ni kabati. Wewe ulilala wapi?" Tulicheka miaka nenda miaka rudi.

Jumatatu hatukucheka. Aliniita kwenye jiko la chai. Mwezi Machi aliuza nyumba yake, ambayo mwalimu mmoja aliipanga miaka tisa, Shangazi alipohamia kwa mama yake mgonjwa. Kwenye fomu aliandika kwamba ameishi humo muda wote. Hakukusudia kudanganya. Chumba kimoja alikifunga, na moyoni hakuwahi kuhama.

"Mdogo wangu, nimekwisha," alisema. "Mwisho wa kurekebisha ni Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo ni tamko la uongo, na kiinua mgongo changu kinazuiwa."

Marekebisho yalihitaji mkataba wa pango wenye tarehe. Wake uliliwa na mchwa. Jumanne simu ya mwalimu haikupatikana. Jumatano Shangazi hakula kitu, na kila mara mkuu wa ofisi alipopita, alifunika karatasi kwa kiganja. Alhamisi jioni mwalimu akapokea. "Mama mwenye nyumba! Nakala yangu ninayo, ila niko mbali. Labda basi la asubuhi."

Leo, ilipotimu saa tano na dakika arobaini, mwalimu aliingia amelowa chapa, mkataba ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Shangazi alijaza fomu upya, akasimama mbele ya mkuu kama mlipa kodi mwingine yeyote. Mkuu alisoma taratibu mno. Akahesabu miaka kwa vidole, akarudia, kisha akagonga muhuri. Kodi ya miaka tisa itakula fedha za paa jipya la mama yake. Kiinua mgongo kimepona.

Ameniruhusu niyaandike haya katika jarida letu la ofisi, ili anayefuata asiogope peke yake.

Asante, Shangazi, kwa kutulea. Mbele yako kuwe na siku nyepesi na afya tele. Hotuba za kukuaga zilipoanza tulikukosa kwenye kiti cha mbele, tukakukuta kwenye benchi la wateja, viatu mkononi, umelala fofofo. Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana. Hatukukuamsha.