Adelard Gaspar na Lori la Maneromango

Marehemu Adelard Gaspar, ambaye safari yake imeishia leo katika makaburi haya ya Temeke, alizaliwa Mahenge tarehe 3 Machi 1912, mtoto wa pili wa Mzee Gaspar, mfua majembe, na Mama Felicitas. Mama yake alisema mtoto huyo alilia siku tatu mfululizo, kisha hakulia tena mpaka alipopelekwa shule. Waliomjua ukubwani wataona ugumu kuamini hata zile siku tatu, maana hawajapata kumsikia akipandisha sauti.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1926. Hesabu alizipenda, uimbaji ulimshinda, na mwalimu wa kwaya alimwomba kwa heshima awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Baadaye alijifunza uhunzi katika karakana ya misheni, akashika tupa na nyundo mpaka mikono ikazoea.

Mwaka 1931 alishuka Dar es Salaam, akaajiriwa katika karakana ya malori Gerezani. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na ilipofika 1938 alikuwa fundi wa magurudumu ya nyuma. Tarehe 8 Julai 1939 alifunga ndoa na Bi Demetria, wakapanga chumba Temeke. Bi Demetria anasema bwana harusi alikuja kanisani na grisi kwenye kucha, na kwamba haikutoka mpaka alipolazwa hospitali.

Jambo ambalo marehemu mwenyewe alitaka lisemwe leo ni la Jumamosi, tarehe 14 Juni 1941. Lori la Marijani, dereva wa njia ya Maneromango, lilikuwa limeletwa likiwa na ncha iliyolika ya ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, pale gurudumu linapokaa juu ya beringi. Wakati ule wa vita vipuri havikupatikana. Mafundi wa mjini walikuwa na njia yao: walikata bati la debe la mafuta ya taa, wakalizungusha kwenye chuma kilicholika, beringi ikakaza, gari likatoka. Kila mtu alifanya hivyo. Adelard naye akafanya, akamwambia msimamizi, na Marijani pia, kwamba kazi imekamilika.

Marijani akapakia watu kumi na tisa waliokuwa wakienda harusini, pamoja na bibi harusi na masanduku yake, akaondoka. Adelard alikaa kula, akaisukuma sahani kando. Alifikiria mlima wa Pugu, gurudumu likichomoka na watu wote wale juu. Alifikiria pia mtoto wake Filomena, aliyekuwa na majuma matatu, na kibarua ambacho angekipoteza akikiri uongo. Aliinuka, akachukua baiskeli ya karakana bila ruhusa.

Lori lilimtangulia kwa mbali, na asingelipata kamwe kama Marijani angekuwa dereva mwingine. Lakini Marijani hakupata kupanda Pugu bila kupita Ukonga kula kwa shangazi yake, Bi Chausiku. Adelard aliwakuta uani, abiria mkekani, sinia la wali katikati. Alishindwa kusema kwa kutweta.

"Kaa mwanangu, unywe maji kwanza," Bi Chausiku alimwambia. "Aliyekufukuza nani?"

"Shikamoo mama. Sijafukuzwa. Marijani, gari hilo usiliondoe. Nimelifunga na bati."

Marijani aliweka tonge chini.

"Bwana fundi, asubuhi si umenambia liko sawa?"

"Nilikudanganya."

"Na kazini wanajua?"

"Nikirudi nitawaambia."

Walipiga jeki, wakavua gurudumu. Bati lilikuwa limesagika vipande vipande, na chuma kimegeuka rangi ya buluu kwa moto. Marijani alikitazama, akakaa chini mchangani, akacheka huku machozi yanamtoka. Bibi harusi alipiga kigelegele, nusu yake kilio. Siku ile wote walikuwa hai, na hilo ndilo lililomfurahisha Adelard mpaka mwisho wa maisha yake.

Harusi ilifika kesho yake kwa lori la jirani. Adelard alirudi akakiri. Msimamizi alimfokea mbele ya wote, akamwondoa kwenye magurudumu kwa mwezi mzima, ila hakumfukuza. Mwezi ulipokwisha, ncha nzima ya ekseli ilipatikana kwenye gofu la lori huko Tabata. Adelard aliikata ile iliyoungua, akaweka nyingine, akapitisha chuma kirefu kilichonyooka katikati ili ncha mpya na ekseli zikae mstari mmoja, ndipo akachomelea kidogo upande huu, kidogo upande ule, chuma kisipinde. Tangu hapo bati halikuingia tena mikononi mwake, hata kwa kubembelezwa.

Mwezi Septemba 1956 alianza kuugua figo. Alilazwa mara mbili, akateseka sana, na wanaomlilia leo wanashukuru pia kwamba maumivu yale yamekwisha. Jumapili iliyopita alimuuliza mkewe atapelekwa makaburini kwa gari gani.

"La Marijani," alijibiwa.

"Nyuma kaligusa nani?"

"Si wewe mwenyewe, kabla hujaugua."

"Basi nitafika," akasema, akalala. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, saa moja ya asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Demetria.

Ameacha mjane, Bi Demetria; watoto watatu, Filomena, Leonardi na Felicitas; na kaka yake aliyeko Mahenge. Pamoja nao yupo Bwana Marijani. Leo asubuhi, kabla jeneza halijapakiwa, alipiga magoti kwenye tope la masika, akalishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Halikucheza.

Mungu ampokee Adelard, apumzike bila wasiwasi.