Dawa Iliyobaki Nyumbani

Ndugu zetu mliokuja kutufuta machozi, nimepewa mimi, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka, na naisoma huku akili inakataa, maana wiki tatu tu zilizopita ndiye aliyenifungia taa ya jikoni akinitania kwamba napika gizani kama mwizi.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1969, mtoto wa tatu kati ya sita, akamaliza sekondari mwaka 1987, akahitimu ufundi umeme Novemba 1990, akaajiriwa na hospitali yetu tarehe 1 Juni 1994, na tarehe 12 Desemba 1998 akamuoa wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2006 kimbunga kilikata umeme siku mbili, jenereta ikazama, wauguzi wakawapa vichanga hewa kwa kuminya vifuko vya mpira kwa mikono, na tangu hapo kaka hakutulia, aliwasumbua wakubwa mpaka jenereta ikapandishwa kwenye jukwaa la zege na dizeli ya siku saba ikawekwa, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, alizima umeme makusudi ili watu wazoee, madaktari wakamwita Bwana Giza na kumnunia hadi mchana.

Kisukari kilimpata mwaka 2017, akawa anajichoma insulini asubuhi na jioni. Mafuriko yalipoingia tarehe 2 Aprili mwaka huu, alitoka mbio kwenda hospitali, dawa ikabaki kwenye friji ya nyumbani, barabara ikakatika, na kwa siku sita alizunguka akipima ubaridi wa kila jokofu la hospitali, na wifi alipompigia kupitia simu ya muuguzi kumuuliza dawa, alimjibu asiwe na wasiwasi, anayo. Jamani, hakuwa nayo! Tarehe 8, saa nane mchana, alianguka kando ya jenereta, na alipozinduka kidogo alikiri kwa daktari kwamba insulini iliyokuwa stoo, hatua ishirini tu, aliona ni ya wagonjwa, na maji yangepungua kesho yake. Alifariki tarehe 9, saa tano asubuhi, na siku zote hizo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekufa kwa kukosa umeme.

Tunakushukuru, daktari, usijilaumu, baba, hukuambiwa, tunawashukuru majirani mliombeba wifi kuvuka maji, nanyi wafanyakazi wenzake, mnaotaka kuandika jina lake ukutani. Familia inaomba kingine: kila asubuhi, mkishakagua mafuta na mashine, mtazameni fundi usoni mmuulize kama amejichoma dawa yake.

Kaka, nimekukasirikia mno, pumzika kwa amani.