Mzee Elinami Akyoo, Mpuliza Besi wa Akheri

Marehemu Mzee Elinami Sifael Akyoo alizaliwa Akheri tarehe 9 Juni 1934, mtoto wa pili wa Mzee Sifael na Mama Nanyori. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akapata kipaimara mwaka 1950. Mwaka huo huo alikabidhiwa tarumbeta la besi katika bendi ya usharika, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyeweza kulipandisha mlimani bila kunung'unika.

Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha umma mjini Arusha tangu 1968 hadi 1992, kiwanda kilipouzwa na mafundi wakarudishwa nyumbani. Wenzake walinuna. Yeye alifungua kibanda cha kuchomelea pale Maji ya Chai, na kwa vile kila aliyetajirika siku hizo alitaka geti, hakukosa riziki.

Tarehe 17 Desemba 1960 alifunga ndoa na Susana, mwanamke wa sala asubuhi na jioni. Mzee Elinami hakuwa na hakika kama Mungu yupo, na hakulificha jambo hilo. Ibada ilipofika kwenye Ungamo la Imani, alisimama na wenzake, besi kifuani, mdomo ameufunga. Wapo waliomsema, lakini hakugombana na mtu. Ila alfajiri ya Pasaka, bendi inapokwenda kupuliza makaburini, yeye ndiye aliyetangulia kufika. Binti yake Penina alimuuliza, "Baba, wewe si huamini? Sasa unawahi nini?"

"Mimi sijui, mwanangu," akamjibu. "Na kama ni kweli wataamka? Wasije wakakuta kimya."

Mwaka 1995 alianza kusumbuliwa na moyo. Susana hakuogopa kifo cha mumewe tu. Aliogopa mumewe atazikwa bila kanisa, kama asiye na kwao. Mchungaji Elihuruma alipomletea mgonjwa Chakula cha Bwana kitandani, Susana alimsihi mumewe, "Baba Penina, sema tu unaamini."

Mzee akamshika mkono. "Mama Penina, sijawahi kukudanganya. Nianze leo?" Kisha akamgeukia mchungaji. "Sijui, Mchungaji. Ila ningependa sana iwe kweli."

Mchungaji alikifunika kikombe, akamwombea, akaaga. Jumapili iliyofuata aliwaambia wazee wa kanisa kwamba mtu aliyekataa kudanganya hata kitandani, yeye atamzika, na matarumbeta yatapigwa. Wazee walibishana sana, mwishowe wakakubali. Susana alilia kwa furaha. Mzee Elinami alipopewa habari alicheka, akaomba uji, akaumaliza.

Alifariki nyumbani kwake mchana wa tarehe 2 Machi 1997, mkewe akiwa pembeni. Alikuwa ametulia, na sisi tuliomuuguza tunashukuru kwa hilo.

Ameacha mjane, Mama Susana, watoto, Penina, Hans na Anna, wajukuu saba, na besi moja iliyobonyea ubavuni, ambayo leo inapulizwa na Penina. Tutakapokiri Imani hapa kaburini, Mama Susana ameomba nafasi ya mumewe katika bendi iachwe wazi, Penina asogee kando, na asiwepo wa kumsemea.

Apumzike salama, Mzee wetu. Pasaka ni mwisho wa mwezi huu. Mama anasema ni kweli wataamka. Penina anasema yeye atawahi kufika.