Mlango wa Chuma wa Mzee Mochama

Tunayemsindikiza leo, Mzee Mochama Ongeri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Nyamache, Kisii. Alisoma mpaka darasa la saba. Hesabu aliiweza, kuimba hakukuweza, ingawa kwaya ya kanisa ilimvumilia hadi mwisho.

Mwaka 1969 alimwoa mama yetu, Nyasuguta. Baadaye walihamia Macalder, Migori, akawa anachimba dhahabu pamoja na rafiki yake Nyamhanga. Tarehe 6 Agosti 1991 shimo liliporomoka wakiwa ndani. Baba alitolewa kesho yake akiwa hai. Nyamhanga alikuwa ameshafariki.

Baba na Mama wakahamia hapa Rangwe, Baba akafungua duka la nafaka. Lakini mlango ukifungwa, Baba alitokwa jasho na kupiga kelele. Alilala barazani, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi tukadhani anaogopa wezi, ndiyo maana analinda duka. Wajomba zetu, kaka za Mama, wakachanga wakamletea mlango wa chuma wenye makomeo matatu. Baba aliwashukuru sana, akaulaza juu ya matofali, akawa anauzia maharagwe hapo. Wajomba, msiniangalie hivyo.

Mwaka 1994 alianza kwenda Homa Bay kila Alhamisi kwa Bi Shamima, muuguzi aliyesomea ushauri nasaha. Bi Shamima hakumwambia asahau. Walikaa nje, akamwomba asimulie habari za Nyamhanga: alivyocheka, alivyopenda samaki, na siku ile ya shimo. Baba alilia huko, akirudi nyumbani anakula vizuri. Miezi ikapita, wakaanza kukaa ndani, kisha mlango ukarudishwa nusu.

"Mzee, nani ameshika kitasa?"

"Ni mimi."

"Basi ukitaka kutoka, toka. Hakuna mtu atakuzuia."

Haikuwa dawa ya siku moja, na mvua kubwa iliendelea kumsumbua. Lakini Aprili 1996 maharagwe yalihamia kwenye meza ya mbao, mlango ukawekwa mahali pake, na Baba akalala ndani ya nyumba yake. Tulifurahi, acha tu.

Mwaka huu wa 1998 moyo wake ulianza kudhoofika. Hofu yetu ilikuwa moja: tutamfunikaje kwa udongo mtu aliyeteswa na udongo? Sisi watoto tulishindwa kumuuliza. Mama aliuliza, na Baba akacheka.

"Nyasuguta, wacha hiyo maneno. Mimi nilishatoka kwa hiyo shimo. Nyinyi fungeni jeneza, mweke udongo, mwende mkakule."

Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 9 Oktoba. Jioni hiyo, kabla hajafariki, aliinuka akafunga mlango mwenyewe, akilalamika kwamba mbu wamezidi.

Ameacha mjane, Nyasuguta. Watoto Monari, Caleb na mimi Emmah, kifungua mimba wake. Na wajukuu wanne. Baba, tumefunga kama ulivyosema. Pumzika kwa amani, nasi tunaenda kula.