Javan Okari Ombui, Sauti ya Bendi ya Majivu (1982–2025)

Tarehe 9 Mei 1982, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Homa Bay, Mama Nyakerario alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Javan Okari. Baba yake, Mzee Elkanah Ombui, alikuwa ametoka Kisii kuja kuuza nguo, na ni mzee wa kanisa la Waadventista hadi leo. Kwa kuzaliwa, Javan alimfuata dada yake Mellen, aliyeandika wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi mjini humo, kisha sekondari ya bweni Migori, alikomaliza kidato cha nne mwaka 2000. Kwaya ya Sabato ilimtegemea kwa sauti yake nzito. Lakini bwenini alikutana na Mniko wa Ntimaru, aliyekuwa na kanda ya black metal: magitaa yanayokimbia, ngoma kama mvua ya mawe, na mwimbaji anayepiga mayowe kana kwamba anachunwa ngozi. Likizo ilipofika, Javan alimwambia Mellen juu ya mwimbaji huyo, "Huyo mtu hadanganyi."

Mwaka 2004 yeye, Mniko na Willis, mpiga gitaa la besi, waliunda bendi ya Majivu huko Isebania. Walifanyia mazoezi katika karakana ya kuchomelea vyuma. Mchana mmoja polisi waliingia mbio.

"Nani anauawa hapa?"

"Hakuna, afande," Mniko akajibu. "Huyu anaimba."

Afande alimtazama Javan, akamuuliza kwa upole kama amekula.

Muziki haukumlisha. Kuanzia 2007 alifanya kazi Macalder, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, bila hata kitambaa cha kuziba pua. Tarehe 14 Agosti 2011 alimwoa Dolphine kanisani Rongo, wakajaliwa binti, Irine. Mzee hakuhudhuria harusi. "Anayemwimbia shetani asinialike kanisani," alisema. Javan hakumwimbia shetani. Aliimba juu ya wachimbaji waliofukiwa na mashimo, na wengine aliwajua kwa majina.

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Daktari mjini Migori alimweleza kwamba vumbi la mawe lilikuwa limeyajaza mapafu makovu, na hakuna dawa ya kuyaponya. Wakati huo Majivu, bendi ya miaka mingi, ilikuwa ikitayarisha albamu mpya, lakini Javan hakuweza tena kumaliza mstari kwa kasi ya zamani.

"Pigeni polepole," akawaambia.

"Javan, hii si Majivu," Mniko akasema.

"Ndiyo Majivu iliyobaki."

Hivyo albamu ya Vumbi ikaingia mtindo wa doom, metali nzito inayoburuta miguu. Katika wimbo wa mwisho maneno yalimshinda, anasikika akihema tu. Wenzake hawakupafuta mahali hapo.

Albamu ilitoka Februari 2025. Waliisikiliza watu wachache, na Javan alimtaka mmoja tu. Alikwenda Homa Bay na mtungi wake wa oksijeni, akamwekea baba yake wimbo wa kwanza. Mzee alisikiliza akiwa amesimama.

"Javan, huku si kuimba. Huku ni kufa."

"Ndiyo, baba."

"Zima."

Akazima. Mzee akaenda dukani, na hawakuzungumza tena juu ya albamu hiyo.

Javan alifariki nyumbani kwake Migori asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025. Dolphine alikuwa amemshikilia wima kifuani pake, maana kulala kulikuwa kumemshinda tangu Pasaka.

Ameacha mjane wake Dolphine, binti yake Irine, wazazi wake Mzee Elkanah na Mama Nyakerario, dada yake Mellen, na wenzake Mniko na Willis, ambao wamesema bendi imekwisha. Jamaa walitaka habari za baba ziondolewe katika wasifu huu. Mzee mwenyewe amekataa. Amesema zisomwe zote leo mazishini, yeye akiwa ameketi hapa mbele.

Apumzike Javan, pasipo kuitafuta pumzi tena.