Bomba la Marehemu Mzee Abdulwakil

Benchi letu la Ngamiani limeegemea ukuta wa nyumba ya Mwinyijuma, na Ijumaa ile baada ya swala tulikuwa tumekaa kama kawaida, ila mwenye nyumba alikuwa kanuna. Kikombe kakishika, hanywi. Kulia kwake alikaa Badru, tunayemwita Mjerumani, maana kila kitu cha hapa Tanga, kizuri au kibovu, yeye husema kiliwekwa na Wajerumani. Kushoto Zubeiri, tunayemwita Dokta. Hajasomea udaktari, lakini hajapata kumwona mgonjwa akakosa kumtajia dawa. Mimi nilikaa mwisho, karibu na jiko la Haroub, Mpemba anayetupikia kahawa.

— Mwinyijuma, leo una nini? — nikamuuliza.

— Huyu binti yangu Thuwaiba. Kaja kutoka Pongwe kuniletea mjukuu, hata hajafungua sanduku vizuri anataka kurudi. Ati bomba langu ni la risasi, maji yake hayafai kumpikia mtoto uji.

Badru akaruka kwenye benchi.

— La risasi? Nilijua tu! Vita vya Mjerumani na Mwingereza hapa Tanga, mnadhani zile risasi zilikwenda wapi? Ziliyeyushwa zikafanywa mabomba!

— Na mizinga ikafanywa masufuria? — nikamwambia.

— Wee cheka. Ndiyo maana maji ya mtaa huu yakifunguliwa asubuhi yanalia pa-pa-pa!

— Hiyo hewa, yakhe — akasema Haroub.

Dokta akainua kidole. Dokta akiinua kidole, jua utajuta.

— Sikilizeni. Risasi ni madini, na madini ni nguvu za mwili. Wenzenu wananunua vidonge vya madini dukani, Mwinyijuma anavipata bombani. Mtoto akinywa, ataota meno ya chuma. Atatafuna miwa ya Pongwe na maganda yake!

— Akipita karibu na reli atanata — Badru akadakia.

Tukacheka mpaka machozi. Mwinyijuma hakucheka.

— Bomba lile alilivuta marehemu baba yangu, Mzee Abdulwakil — akasema. — Hii ndiyo nyumba ya kwanza mtaa huu kuwa na maji ndani. Watu walikuwa wakipanga ndoo hapo mlangoni, na baba hakumrudisha mtu. Leo mwanangu mwenyewe aniambie babu yake alituwekea sumu?

Vicheko vikatuishia. Haroub, aliyekuwa kachuchumaa penye jiko, akakohoa.

— Yakhe, kuna neno sijalisema.

— Sema.

— Maji ya kahawa hii nayachota humo humo kwa Mwinyijuma.

Dokta akakitazama kikombe chake, akakiweka chini polepole.

— Lakini si unayachemsha?

— Nayachemsha.

— Basi imeshakufa hiyo risasi.

— Vijidudu ndivyo vinavyokufa, ami Zubeiri. Risasi haifi kwa moto.

Alikuwa Thuwaiba, kasimama mlangoni, mtoto kamlaza begani. Mkononi kashika sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba mwanetu.

— Mie sikumvunjia babu heshima. Muuguzi kliniki aliniuliza kama nakwenda kukaa nyumba kongwe, nikamwambia naenda kwa baba. Akanieleza kwamba risasi ya bomba inaingia kwenye maji kidogo kidogo, huioni wala huinusi, na mtoto mdogo inamharibia ubongo. Huyu bado ananyonya tu, uji ndiyo nataka kumwanzishia. Twende tukatazame, baba. Kama si risasi, nitakuomba radhi mbele ya hawa.

Mwinyijuma akaweka kikombe chini. Kisha akainuka, na sisi sote nyuma yake.

Bomba liliingilia ukuta wa jikoni, la kijivu, na penye kiungo limevimba kama goti. Badru akaapa kuwa ni chuma cha Kijerumani. Thuwaiba akabandika sumaku. Ikaanguka. Akaibandika juu zaidi, ikaanguka tena.

— Chuma ingelikishika — akasema. — Hebu baba, likwaruze kwa ufunguo wako.

Mwinyijuma akakwaruza mwenyewe. Ufunguo ulizama kama kwenye sabuni, na palipokwaruzwa paling'aa kama fedha mpya.

— Ndiyo yenyewe — Thuwaiba akasema taratibu.

Dokta alianza kuinua kidole, akakishusha. Mwinyijuma akapitisha kidole pale palipong'aa.

— Baba hakujua — akasema.

— Hakujua. Angelijua angeling'oa yeye.

Mzee akamtazama mjukuu aliyelala mdomo wazi.

— Basi ling'olewe. Na leo maji ya mtoto yakachotwe kwa jirani Bi Sabiha, kwake wameweka bomba la plastiki juzijuzi.

Fundi alipokuja alikuta kipande cha barabarani kilikwishabadilishwa zamani. Risasi ilibaki kutoka ukutani mpaka jikoni. Akaitoa yote, akapitisha bomba jipya. Mwinyijuma alimsimamia tangu mwanzo hadi mwisho, na maji yalipofunguliwa aliyaacha yamwagike kwanza, kisha akajaza sufuria akaipeleka jikoni kwa mikono yake. Thuwaiba akaagiza nguo zake nyingine kutoka Pongwe.

Ijumaa iliyofuata Mwinyijuma alikuja barazani na uji kwenye mkono wa kanzu, anatueleza jinsi mjukuu anavyopokea kijiko. Tulikunywa kahawa kwa raha. Badru alikuwa akimsimulia Masoud, mpangaji mgeni kutoka Horohoro, kisa kizima, na katika kisa chake ni yeye aliyelitambua bomba kwa macho tu.

Masoud akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

— Na kwako, mzee Badru, bomba lenu la nini?

Badru akakizungusha kikombe chake mkononi. Nyumba yao ni kongwe kuliko ya Mwinyijuma. Masoud akamgeukia Dokta. Dokta akatazama viatu vyake. Akanigeukia mimi, nikakumbuka kuwa nyumba yangu niliirithi na sijapata kuinama hata siku moja kutazama chini ya karo la kuoshea vyombo.

Badru akainuka wa kwanza, kahawa yake haijapungua. Dokta akafuata. Nami nikavaa kandambili zangu.

— Jamani, na kahawa hii je? — Haroub akatupigia kelele.

— Waache waende — nikamsikia Mwinyijuma akijibu, akijinyoosha kwenye benchi tupu. — Mmiminie mgeni.