Miguu Yetu pa Daraja ya Kafubu

Mugeni rasmi, weye Mukubwa wa Barabara mu Provinse, Bwana Chef wa Kambi, Padri, batata na bamama:

Sisi batumishi benye balijenga Daraja ya Kafubu tunakusalimia. Tulimupatia Pierre, mwenzetu wa kukaza bulon za chuma, kinywa chetu kwa leo. Akisoma mubaya, makosa ni yake. Akisoma muzuri, sifa ni yetu sisi bote.

KARIBU

Karibu, Mugeni. Tuliona motokari yako inavuka, tukapiga mikono, na daraja haikutetemeka. Kiti yenye unaikalia tuliiomba ku kanisa, ng'ambo. Yenyewe haikupita njia yako. Ilivuka mu mutumbwi, na mutumbwi ile inavuja. Tuliipangusa mara na mara. Kama unasikia kidogo baridi pa kikalio, utusamehe. Sababu yake itafika mbele.

NAMNA DARAJA ILIJENGWA

Mbele ya kazi kuanza hatukujuana. Bamoya balitoka Kasai, bengine Katanga ya kaskazini, bengine balishuka treni ya Sakania na blanketi tu. Kila kabila ilipika bukari yake, ugali ya unga, mbali, na kila moya ilisema bukari ya bengine iko mubichi. Kisha mvua ya kwanza ikakuya, muto ikabeba miti yote ya kusimamia kazi. Bwana Ingénieur alitupa kofia yake chini. Floribert wa Kasai akamwambia:

«Bwana, usilie. Muto haiibe miti mubaya.»

Tukashuka bote kufuata maji, tukakuta miti imelala mu matete, tukairudisha ku mabega, na wimbo. Siku ile tulikula mu sufuria moya. Kumbe bukari ya bengine ilikuwa imeiva zamani.

Nguzo zikasimama, chuma ikalala juu yake. Ikafika siku ya kupima nguvu ya daraja. Kamyo nzito ya kupimia ilikwama mu matope upande wa Kasumbalesa, na bakubwa balikuwa bamefika tayari, na kofia nyeupe. Bwana Ingénieur akaangalia barabara, hakuna kamyo. Akatuangalia sisi.

«Pandeni pa daraja. Bote.»

Tukapanda. Akasema uzito haijatosha. Bakaita bamama, nabo bakapanda na bikapu ku kichwa na batoto mu mugongo. Annie akauliza kwa sauti: «Na mimi munanipima kama makala?» Tukacheka mpaka Bwana akakasirika. Kisha akasema: «Rukeni!» Tukaruka. Daraja ikatubeba, haikulia hata kidogo.

Siku ile, Mugeni, miguu yetu ilikuwa kitu ya maana sana.

BYENYE TUNAFURAHIA

Leo mawe ya shaba inapita pa daraja muchana kutwa. Bantu banatoka mu ville, mu muji, na mavazi ya Siku ya Mungu kuja kuipiga foto. Batoto betu mu masomo banaichora, na kila mutoto anachora baba yake juu, mukubwa kupita nguzo. Hatubarekebishe.

Mwape, mwenye mutumbwi, naye anafurahia. Siku daraja ilifunguliwa alilia, akasema: «Kazi yangu imekufa.» Lakini kazi yake haikukufa. Amechonga mutumbwi ya pili. Anakushukuru sana.

MATATIZO

Utauliza: Mwape anavusha nani, na daraja iko? Anatuvusha sisi.

Kisha ya sikukuu ya kufungua, kompani ya barabara ilipigilia kibao: bantu ba miguu hapana kupita, ila tu kama beko pamoja na mukubwa wa kazi. Mulinzi ni Zéphirin, wa kwetu, alichanganya béton ya saruji pamoja na sisi. Casimir, mwenzetu, alimwambia:

«Zéphirin, ndugu yangu, si tulivuta kamba moya, mimi na weye?»

«Tulivuta. Alama iko ku mikono yangu.»

«Basi tupitishe.»

«Kibao imekataa.»

«Kibao! Weye haujue hata kusoma.»

«Kusoma sijue. Kufukuzwa kazi najua muzuri.»

Hatumukasirikie, ana batoto. Lakini imbwa ya Bwana Chef inapita kila asubui na miguu yake ine, sababu iko pamoja na mukubwa wa kazi. Tunaisalimia kwa heshima.

Soko iko ng'ambo, kanisa iko ng'ambo, na maternité ya bamasœur, pa kuzalia batoto, nayo iko ng'ambo. Mu masika, maji ikiwa nyingi, Delphine wa kambi yetu alizalia mu mutumbwi, Mwape akashika kasia na mutoto pamoja. Mutoto yule anaitwa Mwape, na analia kwa nguvu.

Annie naye alivuka masika ile ile, na mimba. Hakufika. Alikuwa bibi ya huyu anayekusomea.

Tunaendelea.

MAOMBI

Tunaomba njia ya mbao kando ya daraja, pana kama bega ya muntu moya na mufuko yake. Mbao tutapasua sisi, kisha ya misa. Bulon tunajua kukaza. Tunaomba ruhusa tu, na kibao ingine.

Tunajua karatasi ya ruhusa inatembea pole, nayo haina mimba. Kwa hiyo ombi ya leo iko ndogo. Ukirudi, acha motokari ikutangulie. Vuka na miguu, pole pole, na sisi nyuma yako. Kibao imesema pamoja na mukubwa wa kazi. Mukubwa kupita weye hatuna. Zéphirin atatupigia saluti.

Mbele yako, pa kiti ya kwanza, iko Ngalula, bibi ya Casimir. Mwezi wake umetimia. Asubui bamama bamemuuliza: «Ngalula, kusikiliza risala, mufuko ya nguo ya mutoto ni ya nini?» Akajibu:

«Mimi sikuje kusikiliza. Nakuya kuvuka.»

Mungu akupe usingizi muzuri, batoto benye afya, na leo hii, Mugeni wetu, akupe miguu ya nguvu.

Ni sisi,
Batumishi ba Daraja ya Kafubu, na bamama benye balipimwa pamoja nabo,
Élisabethville, 1952.